Karantini ya samaki: tangi la pembeni, siku 30, na kwa nini wengi hufia humo bila kuwa na ugonjwa

Tangu siku za korona hakuna asiyelijua neno karantini, na bado kwa wafugaji wa samaki ndilo neno linalochanganya kuliko mengine yote. Mmoja atakwambia vifaranga wake wamepita karantini. Ukimdadisi utakuta aliuacha mfuko ukielea juu ya bwawa kwa dakika 20 kisha akawaachia. Mwingine aliwapitisha kwenye beseni la maji ya chumvi. Wa tatu amewafungia ndani ya wavu kwenye kona ya bwawa lile lile lenye samaki wengine, na anaamini kabisa kwamba amewatenga. Kila mmoja kafanya jambo lenye faida yake, ila hakuna kati yao aliyeweka karantini.

Tuanze na maana. Kuzoesha ni kumhamisha samaki taratibu kutoka joto na hali ya maji aliyotoka kwenda ya maji anayoingia. Ni kazi ya dakika. Kutibu ni kutoa dawa kwa ugonjwa uliokwisha kutambuliwa. Karantini ni kumkalisha samaki mgeni kwenye maji yake na vyombo vyake, muda wa kutosha ili ugonjwa aliokuja nao ujitokeze kabla hajakutana na wenyeji. Kinachofanya kazi hapo ni utengano na muda. Dawa inaweza kuwamo au isiwemo.

Aliyenunua mbuzi mnadani hamwingizi zizini jioni ile ile. Humfunga pembeni kwanza amtazame. Kwa samaki ni vivyo hivyo, isipokuwa mbuzi hutengwa kwa uzio, na samaki hutengwa kwa maji. Wavu ndani ya bwawa huzuia samaki wasipite. Kimelea, bakteria na virusi hupita kwenye matundu yake kama vile haupo. Ndiyo maana kona ya bwawa haiwezi kuwa karantini hata ungezungushia nyavu tatu.

Hofu ya sasa imetokana zaidi na virusi vya tilapia, yaani samaki wa jamii ya perege na sato, ambavyo kitaalamu huandikwa TiLV. Vilielezwa kisayansi mwaka 2014 huko Israeli, na Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa tahadhari maalumu kwa nchi zinazofuga tilapia. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuvikuta kwenye sampuli za sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Havina dawa, na havijulikani kumdhuru binadamu anayekula samaki. Jambo la kukumbuka ni lile lililoonekana Thailand: samaki huhamishwa wakiwa wazima machoni, kisha vifo vingi huja ndani ya mwezi mmoja baada ya kupandikizwa. Kwa hiyo "walifika wachangamfu" haithibitishi kitu. Hata cheti cha kituo cha kuzalishia vifaranga kinaeleza hali ya siku walipokaguliwa, na hakisemi lolote kuhusu gari lililowabeba wala maji waliyoongezewa njiani.

Siku ngapi, basi? Kwa maji yetu ya joto, 30 ni hesabu nzuri, na 21 ndiyo mwisho wa kupunguza. Sababu iko kwenye mizunguko ya vimelea. Kile cha madoa meupe, kwa nyuzi 25 hadi 28, humaliza mzunguko wake kwa takriban siku nne hadi sita: hukaa chini ya ngozi ya samaki, hudondoka, hujigawa kuwa mamia, na watoto wake hutoka kutafuta samaki mwingine. Mzunguko wa kwanza huenda usiuone. Wa pili au wa tatu huwezi kuukosa. Minyoo nanga, ile inayoning'inia mwilini kama uzi, huhitaji takriban wiki tatu kukamilisha wake. Mwenye kukaa siku saba anakuwa amewaangalia samaki wake katika wiki ambayo bado hakuna cha kuonekana. Kwenye maji baridi ya nyanda za juu, kama Njombe au Limuru, mizunguko hiyo hurefuka sana, hivyo siku 30 za huko zina uzito mdogo kuliko siku 30 za Bagamoyo. Ongeza hadi wiki sita.

Tangi lenyewe

Hapa ndipo pesa na samaki wengi hupotea, na kosa huwa la hesabu.

Tangi la plastiki la lita 1,000 lililokatwa juu linatosha kwa samaki wazazi wachache au vifaranga mia chache. Pipa la lita 200 hubadilika joto na uchafu haraka mno. Litumie kama huna jingine. Mwenye kununua vifaranga 2,000 wa gramu 5 analeta kilo 10 za samaki. Huyo anahitaji tangi la turubai: fremu ya mduara yenye kipenyo cha mita 3, maji ya kina cha sentimita 70, ni karibu lita 5,000. Kwa tangi lenye chujio la kawaida, usizidishe kilo 2 za samaki kwa kila lita 1,000.

Kwa nini kilo 2? Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na amonia hiyo hutokana na protini ya chakula. Kadirio linalotumika ni hili: uzito wa chakula, mara kiasi cha protini, mara 0.092. Chukua kilo 2 za samaki wanaolishwa asilimia 1 ya uzito wao, yaani gramu 20 za chakula chenye protini asilimia 30. Utapata gramu 0.55 za amonia kwa siku. Ndani ya lita 1,000 ni miligramu 0.55 kwa kila lita, kila siku inayopita. Siku ya pili umeshavuka 1. Siku ya nne umevuka 2, na maji bado ni meupe kama ya kunywa. Watu huyatazama maji hayo wakasema ni masafi. Amonia haina rangi, na kwa viwango hivi pua haiisikii.

Sasa weka chakula asilimia 4, kama wafanyavyo wengi kwa kuwaonea huruma wageni waliosafiri. Zidisha mara nne. Kesho yake asubuhi samaki wako juu wakihema, siku ya tatu wanakufa, na mwenye nao anasema aliuziwa samaki wagonjwa. Kwa kweli wameuawa na tangi.

Ukali wa amonia hutegemea joto na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni takriban asilimia 5, na kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana jirani wawili wanaweza kuwa na kipimo kimoja cha amonia, mmoja akapoteza samaki na mwingine asipoteze. Nunua kifaa cha kupimia amonia, nitriti na pH kabla hujanunua dawa yoyote. Ukilazimika kuchagua kimoja kwa kukosa fedha, chukua cha amonia.

Kinachoondoa amonia ni bakteria wanaoishi juu ya vitu vilivyomo majini. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Chujio ni nyumba yao. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, ikajazwa vizibo vya chupa za soda au mawe mepesi ya volkano, na pampu ndogo ikipandisha maji juu yake, ni chujio zuri kabisa. Shida ni kwamba bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye chujio jipya. Kujenga tangi asubuhi na kupokea samaki jioni ni kuwaingiza kwenye nyumba isiyo na choo.

Njia ya mkato ipo na ni halali. Wiki nne kabla, weka vizibo hivyo ndani ya mfuko wa wavu na uutumbukize kwenye bwawa lako lenye samaki wazima, karibu na maji yanapotembea. Siku ya kupokea wageni, uhamishe mfuko huo kwenye ndoo ukiwa umelowa. Kutoka bwawani kwenda karantini inaruhusiwa. Kurudi, kamwe.

Kama huna chujio lililokomaa, kazi ni ya mikono: badilisha nusu ya maji kila siku. Kwa hesabu yetu ya juu, amonia itapanda na kusimama karibu miligramu 1.1 kwa lita, kiwango kinachovumilika kwenye pH 7.5 na chini. Kwenye pH 8.5 hakivumiliki, kwa hiyo punguza chakula zaidi au punguza samaki.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache wazi na pampu ya hewa ikifanya kazi saa 24 hadi 48, au tumia thaiosalfati ya sodiamu, gramu 7 kwa lita 1,000 zenye klorini miligramu 1 kwa lita. Kuacha wazi hakuondoi kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, ambayo baadhi ya mitambo ya maji hutumia. Hapo tumia thaiosalfati, nayo huacha amonia kidogo nyuma ya kushughulikia. Maji ya kisima nayo yapigwe hewa siku nzima, kwa sababu mara nyingi hutoka ardhini na oksijeni kidogo na gesi ya kaboni nyingi. Maji ya mvua hayana chumvichumvi za kuzuia pH isishuke, na chujio linapofanya kazi huzila hizo chache zilizopo. Gramu 50 za bikaboneti ya soda kwa lita 1,000 husaidia.

Pampu ya hewa itoe lita 30 hadi 40 kwa dakika kwa tangi la lita 1,000, na iwepo ya akiba inayotumia betri. Umeme hukatika usiku bila kupiga hodi.

Funika kwa wavu uliokazwa. Perege huruka, hasa usiku wa kwanza. Kambale hupanda ukingoni na kutambaa, na utamkuta asubuhi kwenye nyasi akiwa na vumbi mwili mzima, mara nyingine bado hai kwa kuwa anaweza kuvuta hewa. Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, acha nafasi ya sentimita 20 kati ya maji na wavu. Kambale asiyeweza kufika juu anaweza kukosa hewa na kufa maji. Na wapange kwa ukubwa, maana kambale mkubwa humla mdogo bila kusubiri chakula kiishe.

Mahali na vyombo

Tangi likae kivulini, na liwe upande wa chini wa bwawa, ili likivuja au kufurika maji yasielekee bwawani. Umbali wa mita kumi na zaidi unatosha kuzuia matone yanayoruka. Lakini kinachovusha ugonjwa mara nyingi ni mikono na wavu. Ndoo, kimia, bomba la kunyonyea uchafu na hata kikombe cha chakula viwe vya karantini tu. Vipake rangi nyekundu ili mtoto au kibarua asikosee. Hudumia bwawa kwanza, karantini mwisho, kisha osha mikono na miguu. Mwenye kidonda mkononi avae glavu, kwani wapo bakteria wa samaki wanaoingia kwenye ngozi ya mtu.

Kimia kioshwe matope kwanza, kisha kilowekwe kwenye klorini. Dawa ya kung'arishia nguo yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 60 kwa ndoo ya lita 10, kwa nusu saa. Suuza, anika juani hadi kikauke kabisa. Kuloweka kikiwa na ute na magamba hakusaidii, kwa sababu klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kufika kwa vimelea.

Maji machafu yasimwagwe mtoni wala kwenye mfereji. Mwaga kwenye migomba iliyo mbali na bwawa, isipokuwa yakiwa na chumvi.

Siku ya kuwapokea

Jambo hili huwashangaza hata wazoefu. Samaki waliosafiri saa nyingi kwenye mfuko wa oksijeni wamejaza maji yao amonia, lakini pia gesi ya kaboni, ambayo imeishusha pH na kuipooza amonia hiyo. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia inaamka. Ukiendelea kuwazoesha kwa saa nzima ndani ya maji yale, unawazoesha sumu. Kwa hiyo mfuko uelee ukiwa umefungwa, dakika 20, hadi joto lilingane. Fungua, ongeza maji ya tangi mara mbili au tatu ndani ya dakika kumi, kisha wapokee kwa kimia uwaingize tangini. Maji ya mfuko hayaingii. Usiwalishe saa 24 za kwanza.

Anza kuhesabu siku hapo. Na ukiongeza samaki mgeni mwingine siku ya 15, hata mmoja, hesabu inaanza upya kwa wote.

Kutazama

Dakika kumi asubuhi, kabla ya chakula na kabla kivuli chako hakijawatisha. Simama mbali kidogo. Hesabu mapigo ya matamvua ya samaki mmoja kwa dakika, uandike. Ukifanya hivyo siku tatu za mwanzo utajua idadi ya kawaida ya samaki wako kwenye joto hilo, na siku itakapopanda ghafla utajua kabla hata doa moja halijatokea. Angalia anayekaa peke yake, anayejisugua kwenye ukuta, anayeogelea kwa kuzunguka, aliyetoka macho. Kuzunguka pamoja na macho kutoka kwenye perege wa maji ya joto ni dalili ya kushuku bakteria wa streptokoka.

Mara moja kwa wiki shika mmoja kwa mkono uliolowa, mfunue shavu uangalie matamvua. Yawe mekundu kama nyama mbichi na kila ujiti ukionekana. Yakiwa yamepauka, yenye ute mzito au kingo nyeupe, kuna minyoo ya matamvua au amonia imeyachoma. Yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi, hiyo ni nitriti: damu haiwezi tena kubeba oksijeni vizuri. Utando mweupe kama pamba mgongoni wengi huuita fangasi. Ukiwa karibu na pezi la mgongo kama tandiko la punda, na ukienea kwa siku moja au mbili, yawezekana sana ni bakteria, na dawa ya fangasi itapoteza muda wako.

Chumvi na dawa

Chumvi inastahili sifa zake, kwa kipimo. Kilo 1 kwa lita 1,000 huzuia nitriti isiingie kwenye damu na hupunguza msongo. Kilo 3 hadi 5 huwadhoofisha vimelea wengi wa ngozi. Perege huvumilia, kambale wadogo wasivuke kilo 3. Ifikie kiwango hicho kwa siku mbili, ukiyeyusha pembeni kwanza. Haivukizwi: maji yakipungua kwa jua, ongeza maji matupu. Ukitoa lita 300, rudisha chumvi ya lita 300 tu. Lakini haiui virusi, haiponyi bakteria waliokwisha kuingia mwilini, na haimfikii kimelea aliyejificha chini ya ngozi. Huyo husubiriwa adondoke, ndiyo maana chumvi huachwa majini siku 10 hadi 14, na kuogesha mara moja hakutoshi.

Wanaoweka antibayotiki siku ya kwanza "kwa usalama" wanajifungia dirisha walilofungua. Dawa hunyamazisha dalili bila kumaliza ugonjwa, na samaki huingia bwawani na bakteria waliokwisha kuizoea. Baadhi pia huweza kuua bakteria wa chujio, na amonia inarudi. Na dawa ya kijani iitwayo malakaiti, inayouzwa kwa samaki wa mapambo, isiwaguse kabisa samaki wa kuliwa. Imepigwa marufuku kwa samaki wa chakula Ulaya na Marekani, kwa sababu mabaki yake hukaa kwenye nyama na yanashukiwa kusababisha saratani.

Wakianza kufa, pima maji kwanza. Amonia na nitriti zikiwa chini na vifo vinaendelea, usitupe mizoga: chukua wawili watatu walio hoi lakini hai, wapeleke kwa afisa uvuvi au maabara ya mifugo kwenye maji yao. Samaki aliyekufa tangu usiku hana tena cha kueleza. Waliokufa wazikwe kwa chokaa, mbali na maji.

Wiki mbili za mwisho kama kila kitu kimetulia, ingiza samaki watatu hadi watano wa bwawani kwako kwenye tangi la wageni. Mgeni anaweza kubeba ugonjwa usiomsumbua yeye ukamsumbua mwenyeji, na ni afadhali ujulikane kwa watano. Wakibaki wazima hadi siku ya 30, hamisha samaki wote kwa kimia. Maji ya tangi yabaki tangini. Tia klorini, acha siku moja, mwaga mbali, vikaushe vizibo juani wiki nzima, na uweke mfuko mwingine wa vizibo bwawani kwa ajili ya wageni watakaofuata.